Nguzo Moja Si Nyumba

Injini ya kwanza niliyokabidhiwa kazini ilinipiga kabla sijaiwasha. Ilikuwa ya dizeli, ya kuzungushwa kwa mkono, imefungwa kwenye pampu ndani ya kibanda cha mabati kando ya ziwa, na ng'ombe wa watu walikuwa wamesimama nje wakingoja. Nilishika mpini kama mtu anavyoshika jembe, kidole gumba upande mmoja, vingine upande wa pili. Nikazungusha. Injini ikakohoa, ikarudi nyuma kwa ghadhabu, na mpini ukanigonga kifundo cha mkono hadi nikaketi kwenye tope. Mzee Owiti, fundi aliyenileta, hakunipa pole. Alikuja akauweka mkono wake juu ya mpini, vidole vyote vitano upande mmoja, gumba limelala pamoja na wenzake.

"Hii kitu ikitaka kurudi, iache irudi," akasema. "Usiifungie mlango."

Nawaandikia ninyi mnaobaki karakana, ambao mnazijua injini zile kama mahali pa kuku kutagia. Habari za vyeo na mishahara sitazitaja. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitasema juu ya kazi, maana kazi yenyewe ilikuwa nzuri kuliko nilivyostahili.

Nilikuja Kisumu kutoka Maragoli, upande wa Vihiga, nikiwa na cheti cha ufundi, Kiswahili cha darasani na Dholuo cha salamu tu. Ofisi yetu ilikuwa ya maji ya mifugo. Tukiombwa, tulikwenda kwenye boma au kwenye kikundi, tukapima kina cha maji na mwinuko wa mahali, kisha tukaamua pampu isukumwe na nini: mkono, dizeli, petroli, upepo, umeme wa nguzo, na baadaye jua. Kwenye karatasi uamuzi huo huchukua asubuhi moja. Mzee Owiti ndiye aliyenionyesha kwamba karatasi haina mifugo.

Chombo chake kikuu kilikuwa bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Aliweka ncha yake kwenye ganda la pampu na sikio lake kwenye mpini, akafumba macho, akasikiliza kama daktari. "Beringi ya nyuma inalia," angesema, na tukifungua tungekuta beringi ya nyuma kweli inalia. Lakini akifika mahali papya hakuanza na pampu wala na maji. Aligeuza jerikani kichwa chini, akaketi, akatazama ng'ombe wakinywa. Nani anafika kwanza, nani anasukumwa, nani anabaki nyuma akilamba tope. Mimi nilikuwa na haraka ya kijana mwenye cheti. Nikamuuliza tunangoja nini.

"Injini haina kiu," akaniambia. "Mwenye kiu ndiye huyu. Kwanza umjue."

Kisha angewauliza wenyeji swali moja ambalo halikuwamo katika kitabu chochote nilichosoma: "Ikizimika, mtamwita nani?" Wakijibu kwamba yupo kijana wa makanika hapo sokoni, tulizungumza habari za dizeli. Wakijibu kwamba yupo mtoto wetu Nairobi, Mzee Owiti alitikisa kichwa na kuwachagulia pampu ya mkono.

Tulikosea mara nyingi hata hivyo. Katika ufuo mmoja tuliwapa kikundi pampu ya petroli, nyepesi, ya kubebwa begani na mtu mmoja. Hatukuwaza kwamba petroli ni chakula cha mashua pia. Omena, dagaa wa ziwani, walipofika, petroli yote ikaenda majini, na ng'ombe wakawa wanakunywa siku ambazo samaki hawapo. Wenyeji hawakuona kosa lolote. Samaki hangoji, ng'ombe hungoja, ingawa kwa kelele.

Mahali pengine, juu ya kilima, tulisimamisha kinu cha upepo. Upepo wa ziwa huja alasiri, na kinu kilifanya kazi yake kwa uaminifu, lakini kililia kama mlango wa kanisa la zamani na ng'ombe wakakataa kukikaribia. Mzee Owiti alipanda na kopo la grisi, akashuka, kikanyamaza. Ng'ombe wakaendelea kukataa msimu mzima. Umeme wa nguzo ulipofika masokoni tukadhani shida zimekwisha. Ulikuwa umeme mzuri sana, siku ulipokuwapo.

Mzee Owiti alistaafu kabla sola haijaenea, na sikupata kujua angesema nini juu yake. Mimi niliipenda tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimechoka kunuka dizeli kanisani. Na jua ni nguvu ya kufaa ng'ombe: likiwa kali, ng'ombe ana kiu na pampu ina nguvu, vyote kwa saa moja. Unalala, unaamka, na petroli yako imeshapanda angani yenyewe bila pikipiki.

Ofisi yetu ilikuwa na mchoro mmoja wa sola kwa maboma yote: paneli juu ya paa la nyumba ya mwenye mifugo, waya ukishuka hadi kisimani. Mchoro ule nauheshimu hata leo. Paa lipo tayari, halihitaji chuma cha ziada. Mwizi akipanda, mabati hulia na wenye nyumba huamka. Na mbuzi hawafiki. Wale kati yenu ambao hamjafunga paneli karibu na mbuzi mtajifunza kwamba mbuzi akiona kitu kilichoinama kidogo kuelekea juu huamini kimejengwa kwa ajili yake.

Kwa mchoro huo nilifika kwa Mama Risper.

Boma lake liko upande wa Uyoma, mwendo mfupi kabla ya Luanda Kotieno, pale feri inapovukia kwenda Mbita. Ni nchi kavu inayotazama maji mengi. Ukisimama mlangoni pake unaliona ziwa lote limelala chini kama sahani ya bati, na nyasi zilizo miguuni pako zimekauka hadi zinavunjika. Mumewe alikuwa amefariki, wanawe walikuwa bado wadogo, naye alikuwa amebaki na kundi la ng'ombe, wengi wa kienyeji na wachache wa maziwa. Maziwa yao yalikwenda kwenye hoteli za ufuoni kila asubuhi, na yakarudi yakiwa karo na unga.

Shida yake ilikuwa njia ya kwenda majini. Ziwa lilikuwa limepanda na kufunika ufuo wa zamani, magugu maji yakaziba mahali palipobaki, na ng'ombe walilazimika kupita kwenye tope linalofika tumboni. Mmoja, aliyekuwa na mimba, alikwama humo, na walipofika kumvuta alikuwa ameshachoka kuishi. Kisima kilikuwepo, alikichimba marehemu kwenye mchanga chini ya shamba, na maji yake yalikuwa safi. Kilichokosekana kilikuwa cha kuyapandisha mpaka zizini.

Ng'ambo ya ua aliishi shemeji yake, Bwana Okelo, ndugu mdogo wa marehemu. Yeye alikuwa na pampu ya petroli, wana wakubwa na maji ya kutosha. Tangu yule ng'ombe afe kwenye tope alikuwa akisema wazi, mbele ya ukoo, kwamba kiangazi kikikaza kabla boma la ndugu yake halijapata maji, atawahamishia ng'ombe wote kwake. Hakuna aliyemwona mbaya kwa kusema hivyo, kwa kuwa ng'ombe hawaachwi wafe kwa sababu ya watu kukaidiana. Lakini Mama Risper alijua, na kila mtu alijua, kwamba ng'ombe wakivuka ua ule hawatarudi, na yeye na watoto watabaki wakiyafuata maziwa yao kwa kuomba.

Ofisi ingempa pampu. Kilichobaki kilikuwa kuchagua ya aina gani, na mimi sikuona kwamba hapo pana swali.

"Petroli," akasema Mama Risper.

"Mama, sola ikishafungwa haikudai kitu. Petroli nani atakuletea?"

"Nitatafuta mtu wa pikipiki."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na asipokuja?"

"Fundi, si umeniuliza nataka gani? Nimesema petroli."

"Nataka tu kujua sababu."

Akainua macho kwenye paa la nyumba yake, akayarudisha kwangu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia kwa mara ya pili. "Petroli inakaa chini," akasema.

Nilidhani anaogopa radi, kwani upande ule radi si mchezo. Nikamweleza habari za waya wa kushusha radi ardhini, kwa kirefu na kwa mifano. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akanimiminia chai.

Nilikuwa bado na kikombe mkononi Bwana Okelo alipoingia langoni na ngazi begani. Alikuwa mtu mkubwa, mpole wa uso, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Alisalimia kila mtu, akamsalimia na mama yake mzazi aliyekuwa ameketi kivulini mwa ghala akipepeta omena. Bibi huyo boma zima lilimwita Dani, yaani nyanya.

"Nimesikia sola imefika," Okelo akaniambia. "Fundi, wewe kaa chini unielekeze. Nitapanda mimi. Hiyo ni nyumba ya ndugu yangu, mabati yake nayajua."

Nilifurahi. Ni mara chache mwenyeji huja na ngazi yake. Nilikuwa nimeshasimama Mama Risper aliposema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Fundi, mke wako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, Otonglo."

"Anajua umekuja Uyoma kuezekea mjane?"

Dani akacheka, mabega yakatikisika na omena wakamwagika. Okelo hakucheka. Aliegemeza ngazi ukutani polepole, akaiacha pale, na mimi nikabaki nimesimama na kikombe, nikijua nimekanyaga kitu lakini sijui nini.

Dani ndiye aliyenihurumia. "Mwanangu, kwenu Maragoli sijui mnafanyaje," akasema. "Na hapa pia si kila boma. Lakini kwa boma hili, paa la mjane haliguswi na mwanamume hivi hivi. Anayelipanda kulitengeneza ndiye anayeingia chini yake. Ukipanda, utateremka ukiwa mume wa mtu."

"Hata mimi mgeni?"

"Wewe hasa. Mgeni huwa hana hata ng'ombe wa kuleta."

Sasa Mama Risper alizungumza, na hakuzungumza nami. Alimtazama shemeji yake. "Nilipomzika ndugu yako nilisema mbele ya pasta na mbele yenu kwamba sitarithiwa. Nimebaki na watoto na Mungu. Mkanyamaza. Mpaka leo mmenyamaza, mnangoja paa livuje."

"Nyar Alego," Okelo akamjibu. Ndivyo walivyomwita, binti wa Alego, kwa nchi aliyotoka. "Paa lako linavuja. Mimi nimeliona."

"Likivuja natega sufuria."

"Mimi siwawindi ng'ombe wako. Ndugu yangu akiwa hospitali alinishika mkono hapa, akasema angalia watoto. Nitawaangalia nikiwa nje ya ua mpaka lini? Mtoto akiugua wataniuliza mimi. Ng'ombe akifa kwa kiu wataniuliza mimi."

Alisema kweli, na nilisikia kwenye sauti yake kwamba alikuwa amechoka kubeba ahadi isiyokuwa na mahali pa kuwekwa. Ila nilielewa pia ile petroli. Mwanamke yule alikuwa tayari kumlipa mtu wa pikipiki kila siku ya maisha yake, ilimradi mashine isiombe kupandishwa juu.

Nikasema basi tusiguse nyumba. Paneli hatungeweza kuzipeleka kisimani, kwa sababu ziwa lilikuwa bado linapanda na viboko hulala kule. Tungezijengea fremu yake hapo uani, karibu na zizi. Nikachukua kijiti nikachora mchangani: nguzo nne, na paneli juu zimeinama kidogo.

Okelo aliinama akautazama mchoro wangu kwa makini, mikono nyuma.

"Nguzo nne," akasema. "Na juu yake kitu cha kuzuia mvua. Fundi, kwenu hiyo mnaiitaje?"

"Fremu."

"Na mtu akisimama chini yake mvua ikinyesha, atalowa?"

"Hatalowa sana."

"Basi ni nyumba. Na nguzo ya kwanza ya nyumba ya mjane nani ataichimbia?"

Nikamgeukia Dani kwa msaada, lakini Dani naye alikuwa mtu wa haki. "Haina mlango," akasema akifikiri. "Haina ukuta. Lakini kuku wataingia hapo. Wakianza kutaga, wazee watasema ni nyumba."

Nimekuwa katika mikutano mingi Milimani, kwenye vyumba vya mapazia mazito, ambako watu waliosoma walijadili pampu kwa uzito mdogo kuliko huo. Nilifuta nguzo moja kwa kiatu. Okelo akatikisa kichwa. Nikafuta nyingine. Zikabaki mbili.

"Hiyo ni lango," Dani akasema. "Lango ni baya zaidi."

Nikafuta tena. Ilibaki nguzo moja, na juu yake mstari mmoja ulioinama. Ng'ombe mmoja zizini alilia, kile kilio cha chini cha mnyama asiyedai, anayekumbusha tu.

"Huo ni mwavuli," Dani akasema mwishowe, akaurudia ungo wake. "Mjane hakatazwi mwavuli."

Okelo aliutazama mstari ule kwa muda. Angeweza kubisha. Sheria ya mwavuli haikuwa imeandikwa popote, na yeye ndiye aliyekuwa mwanamume wa boma. Alichukua ngazi yake.

"Kiangazi hakingojei mwavuli wenu," akasema, bila hasira. "Yale niliyosema kuhusu ng'ombe nimeyasema." Akatoka nayo langoni, akiishusha ili isiguse miti ya ua.

Nilirudi Kisumu na mchoro wa nguzo moja, nikauweka mbele ya Injinia Atieno, ambaye wakati huo alikuwa mgeni ofisini na bado alikuwa anajibu barua zote. Nilimweleza habari nzima. Wengine wangecheka. Yeye ni binti wa huku huku. Aliutazama mchoro na kusema tu, "Mama yangu alitega sufuria," kisha akavuta kikokotoo.

Mguu mmoja hauna huruma. Dhoruba za ziwani huja kwa ghafla, na paneli zikiwa juu ya nguzo moja ni tanga. Hatukuweza kuweka zote za mchoro wa zamani, nusu tu. Nusu ya paneli ni nusu ya nguvu, kwa hiyo pampu ikawa ndogo, ya kuzama kisimani, inayosukuma maji membamba kama mkojo wa ndama, samahani kwa lugha, lakini mchana kutwa. Kwa kuwa maji yangekuja polepole, tulihitaji tangi kubwa zaidi la kuyakusanyia, nalo likae juu ya jukwaa la mawe lililojaa, lisilo na nafasi chini yake, maana tangi juu ya nguzo lingeturudisha kwa Dani. Injinia alichagua paipu nene ya chuma, akaandika kina cha shimo. Nilipokiona nikasema ni kirefu mno. "Panda wewe dhoruba ikija uizuie na mkono," akanijibu.

Shimo lilichimbwa na akina mama wa kanisa la Mama Risper. Walikuja na majembe na uji, wakaimba kidogo, wakataniana sana. Mmoja aliniuliza kama na mimi nimekatazwa kushika jembe au ni uvivu tu. Walipofika kiunoni, udongo ukawa mgumu na wakataka kuacha. Bwana Okelo alikuwa amesimama ng'ambo ya ua, mkono kwenye miti, amekuwa pale kwa muda.

"Hiyo bado ni udongo mweusi," akasema. "Kiangazi unapasuka, masika unavimba. Nguzo itacheza kama jino. Endeleeni mpaka mfike kwa mawe."

Akina mama wakamtazama Mama Risper.

"Tuendelee," akasema. Kisha, bila kugeuka: "Asante, Shemeji."

Mmoja wao, kwa mzaha au kwa uchovu, alimnyooshea jembe juu ya ua. Mikono ya Okelo ilikuwa mikubwa, na kazi ile angeimaliza kabla uji haujapoa. Aliliangalia jembe lile, akalirudisha nyuma kwa kiganja taratibu. Alijua likiingia ardhini kwa mkono wake litakuwa limesema nini, na hakutaka lisemwe kwa hila. Nimefanya kazi na wanaume wengi. Wachache wangekataa jembe lile.

Tulisimamisha nguzo, tukaimwagia zege, tukangoja ikauke, tukafunga paneli. Mama Risper mwenyewe aliinua swichi. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha paipu ikapiga chafya, ikatema hewa na mchanga, na maji yakaanza kuanguka ndani ya tangi tupu kwa sauti nyembamba. Akina mama walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeweka sikio kwenye paipu, nasikiliza.

Ningependa kusema mambo yaliisha hapo. Kiangazi kilikuwa kimefika. Siku iliyofuata ng'ombe walisikia harufu ya maji, wakaja wote pamoja adhuhuri kama walivyozoea kwenda ziwani. Madume yakaingia mbele, yakanywa hadi hori likakauka na tangi nalo likakauka. Ng'ombe wa maziwa na ndama wakabaki wakilamba saruji. Pampu iliendelea kudondosha uzi wake, lakini huwezi kumnywesha ng'ombe kwa uzi. Bwana Okelo alikuwa uani pake anaona. Jioni alituma watu wawili na kamba, wakaziacha zimekunjwa langoni, kusudi zionekane.

Nililala Luanda Kotieno usiku ule nikiwa na hesabu zangu. Asubuhi nilikuja kumwambia Mama Risper kwamba labda tuongeze pampu ndogo ya petroli ya kusaidia. Nilimkuta zizini, ameweka vizuizi vya miti, anawagawa ng'ombe.

"Mashine yako ni sawa," akanijibu. "Ni kama mama mwenye maziwa kidogo. Ukimletea watoto wote mara moja, watamwua. Wataingia kwa zamu."

"Ng'ombe hawajui zamu, Mama."

"Hata mimi sikujua kutega sufuria. Nilifundishwa na mvua."

Akawapa maji ndama na wenye maziwa asubuhi, kutoka maji ya jana yaliyobaki kujikusanya hadi jua kuzama. Wakamaliza, akawapeleka malishoni, akaliacha tangi lijae tena mchana. Madume yalikunywa mwisho, jua likielekea magharibi. Siku za kwanza yalivunja vizuizi, na yeye na binti yake wakayarudisha kwa fimbo na matusi ya Kialego ambayo sikutafsiriwa. Mimi nilibaki pale nikikaza nati zilizokuwa zimekazwa tayari, kwa sababu sikuweza kuondoka. Kisha asubuhi moja madume yalibaki yamelala kivulini huku ndama wakinywa, hata kichwa hayakuinua. Zile kamba langoni zilikaa, zikapata vumbi, mmoja wa watoto akazitumia kurukia.

Tangu hapo nimefunga sola kwa njia hiyo kwenye maboma mengine ya wajane, na wote waliniomba kwa kuonyesha kidole kimoja juu. Vijana wa stoo wakilalamika kwamba paipu ile nene ni ghali kuliko fremu, waambieni ni kweli.

Nilirudi kwa Mama Risper mara ya mwisho kabla sijastaafu, kubadilisha waya uliokwaruzwa na pembe. Ilikuwa kiangazi kingine, kibaya. Mashua zilikuwa zimemaliza petroli ya ufuoni, na magugu maji yalikuwa yameingia kwenye bomba la Bwana Okelo na kuiunguza pampu yake. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya nguzo niliposikia kwato. Alikuja na kundi lake lote, vumbi hadi nyusi, akasimama nje ya lango. Hakuingia.

"Nyar Alego," akaita. "Ng'ombe wana kiu."

Mama Risper alitoka jikoni akifuta mikono. Alikwenda kwenye tangi, akaligonga kwa kifundo cha kidole kuanzia juu, akishuka, akisikiliza, mpaka sauti ilipobadilika kutoka tupu kuwa nzito. Aliweka kiganja hapo. Akatazama jua, akawatazama ng'ombe wa shemeji yake mmoja mmoja.

"Ndama wangu wanamaliza sasa," akasema. "Baadaye wako, ndama na wenye maziwa. Madume yarudi jioni, yanywe na yangu."

Bwana Okelo alisimama kidogo, fimbo imelala mabegani. Kisha akaishusha, akageuka, akaanza kuyatenga madume yake.